Aliyesimama Kando ya Mlango

Watu wa Majengo walimwita Dereva, nami nilimwita hivyo hivyo miaka yote niliyopanda lori lake. Sitaanza leo kumwita kwa jina lingine. Sikuwa ndugu yake. Dini yetu haikuwa moja. Yeye alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Majengo mjini Meru, mimi ni mkulima wa upande wa Kaaga, na nyumbani tunaongea Kimeru. Kiswahili nilikisoma shuleni mpaka darasa la saba, na kilichobaki nilikiokota sokoni na ndani ya lori la huyu mtu. Ninaandika kwa sababu tangu azikwe ninaendelea kuona milango kila ninakopita, na sina tena wa kumwambia, "Hebu ona ule."

Mimi huuza ndengu, zile wengine huita choroko. Kila wiki, mimi na mwenzangu Mama Karimi tulikodi lori dogo la Dereva, tukateremka kutoka mjini Meru kupitia Nkubu, Chuka, Runyenjes na Embu, mpaka Gachoka kule Mbeere, ambako ndengu hukubali udongo kuliko mahindi. Tulienda na magunia matupu tukarudi nayo yamejaa. Dereva mwingine angetufikisha mapema. Wetu alikuwa na tabia ya kusimama.

Hakusimama kwa sababu ya ndizi wala mahindi ya kuchoma, kama madereva wengine. Alisimama kwa sababu ya milango. Tungekuwa tunateremka vizuri, kila mtu na mawazo yake, mara mguu wake unakanyaga breki na Mama Karimi anashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Ni polisi?"

"Si polisi. Ule pale, wa kijani."

"Kijani gani? Mimi naona tu nyumba imeanguka nusu."

"Nyumba imeanguka, mlango umesimama. Sasa hilo si jambo la kutazama?"

Na ilikuwa kweli. Ukuta wa udongo ulikuwa umemomonyoka pande zote mbili, mabati yamechukuliwa, na katikati ya magugu palikuwa na mlango wa mbao umefungwa kwa kufuli, kana kwamba mwenyewe ameenda dukani mara moja. Dereva alishuka, akauzunguka. Angeweza kupita kando, maana ukuta haukuwepo, lakini hakupita. Mama Karimi alinikonyeza. "Anaogopa ataitwa mwizi wa magugu," alisema.

Kwa miaka ile tulipita mbele ya milango mingi mpaka mingine ikawa kama watu tunaowajua. Kule Embu kulikuwa na duka la zamani ambalo mlango wake ni mbao ndefu zinazopangwa moja moja, kila moja na nambari yake, halafu chuma kirefu kinapita mbele kuzishika zote. Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba. Asubuhi alizitoa kwa mpangilio na kuziegemeza ukutani, na jioni alizirudisha kwa mpangilio uleule. Ubao mmoja ulikuwa si wa ukoo huo. Ulikuwa umetolewa kwenye sanduku la chai, maandishi yake yakisomeka kichwa chini. Dereva aliupenda huo kuliko wenzake. Alisema wenzake walizaliwa mlango, huo ulijifunza kazi.

Karibu na Runyenjes kulikuwa na mlango wa jikoni uliokatwa nusu, chini umefungwa, juu wazi, na mara nyingi mbuzi mweupe alikuwa ameegemeza kidevu chake pale kama mama mwenye nyumba anayengojea wageni. Dereva alimpigia honi kila wiki. Na karibu na kwetu Kaaga kulikuwa na mlango wa darasa la zamani, umechorwa majina ya watoto kwa misumari na vipande vya wembe, jina juu ya jina, mpaka huwezi kusoma hata moja. Mimi nilisema ni uharibifu. Yeye alisema, "Uharibifu ni kuupiga rangi."

Mlangoni kwake mwenyewe kulikuwa na nambari ya chaki iliyoachwa na watu wa sensa. Majirani walifuta zao. Yeye alikataa ifutwe. Mkewe akiosha mlango alilazimika kuizunguka kwa kitambaa.

Alitufunza kutazama mahali mkono unaposhika. Alisema rangi ya mlango hutoka pale tu ambapo watu wanashika, kwa hiyo ukiangalia utajua nyumba ina nani. Rangi ikiisha chini, kuna watoto. Ikiisha juu na chini, kuna watoto na kuna mtu anayerudi akiwa amelewa, anashika popote. Tulicheka, lakini tulianza kutazama. Hakuwa sahihi kila mara, na sitaki kumfanya mtabiri. Siku moja pale Nkubu aliona mlango uliochubuka chini kote, akamwambia mwenye nyumba, "Mashallah, Mungu amekubariki watoto wengi." Yule mama aliutazama mlango wake. "Sina mtoto," alisema. "Hiyo ni mbuzi inakuna pembe." Dereva aliomba msamaha mpaka yule mama akamwonea huruma na kumpa parachichi. Kutoka hapo mpaka Meru Mama Karimi hakumwacha. Kila mlango tulioupita aliuliza, "Na hapo, Dereva? Ni watoto ama ni mbuzi?"

Lakini jambo lililomtambulisha kuliko yote ni namna alivyosimama.

Akifika kwa mtu hakusimama mbele ya mlango. Alisimama kando, bega karibu na ukuta, uso ameuelekeza kwenye fremu. Alisema hodi. Alingoja, akasema tena. Alingoja, akasema mara ya tatu. Asipojibiwa aligeuka akaondoka bila kinyongo, hata kama moshi ulikuwa unatoka jikoni na sufuria inasikika. Alisema ndivyo dini yake inavyofunza. Unaomba ruhusa mara tatu, na usipokaribishwa unarudi, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutotaka mtu. Na husimami mbele, kwa sababu mlango ukifunguliwa macho yako yatakuwa yameingia kabla yako.

Nilimuuliza wakati mmoja ni nini kilimfanya apende milango ya zamani. Alisema, "Mama Ndengu, mtu akifunzwa tangu utotoni asitazame ndani kwa watu, atatazama nini? Mimi nimesimama kando ya milango maisha yangu yote. Ilibidi tuzoeane."

Sisi kwetu hatufanyi hivyo. Kwetu mtu huita akiwa bado njiani. Asipojibiwa anaendelea kuita, anaingia uani, anaita tena akizunguka nyuma ya nyumba, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kuwa shambani, anaweza kuwa chooni, au anakukwepa tu. Na hata anayekukwepa huchoka, akatoka. Mama Karimi alikuwa bingwa wa hiyo kazi. Tukiwa Mbeere tunatafuta wenye ndengu, Dereva angesema hodi zake tatu kwa sauti ya msikitini, akageuka. Akishamfungulia, Mama Karimi angeshuka kwenye lori akiwa tayari anapaza sauti.

"Weee! Baba Njeru! Najua uko! Kofia yako iko hapa nje!"

Na Baba Njeru angetoka nyuma ya ghala akicheka.

"Umeona?" Mama Karimi angemwambia Dereva. "Wewe ungekuwa umeshafika Embu bila ndengu."

"Nimebisha mara tatu."

"Tatu ni za kwenu. Huku kwetu tatu ni kusafisha koo."

Aliyemwambia jambo hilo kwa ukali zaidi alikuwa Cucu wa Gachoka, yaani Nyanya, kama wanavyosema huko. Huyu alikuwa ajuza anayetuuzia ndengu chache lakini safi, na nyumba yake ilikuwa na mlango ambao Dereva aliuheshimu kuliko yote. Ulikuwa ubao mmoja wa mti wa muringa, mpana, uliochongwa kwa shoka na tezo, na alama za tezo bado zilionekana kama mawimbi madogo. Haukuwa na bawaba. Mchongaji aliacha pembe mbili, moja juu na moja chini, zikazunguka ndani ya matundu yake, na mlango ukifunguliwa ulitoa sauti nzito kama mtu anayeguna usingizini. Cucu alisema marehemu mumewe alikata muringa kwa ajili ya mizinga ya nyuki, akabakiwa na ubao. Walikuja watu wa hoteli fulani wakitaka kuuchukua wakautundike ukutani.

"Nikawauliza, mtanichukua na mimi?" alisema Cucu. "Kwa maana usiku mimi ndiye komeo. Ninaweka kiti, ninakaa, ninauegemea."

Siku moja tulifika, Dereva akasimama kando, akasema hodi zake. Kimya. Aligeuka. Tulikuwa tumeshapanda lori tuliposikia mlango unaguna, na Cucu akatokea na fimbo yake, amekasirika kabisa.

"Wewe mtu wa lori! Mimi natoka kitandani mguu mmoja leo, mwingine kesho, na wewe unahesabu tatu unaenda! Miguu yangu haikusoma hesabu!"

"Samahani, Cucu. Ni adabu tu."

"Adabu gani hiyo? Unabisha kama mtu anayeomba asijibiwe."

Dereva alishuka. Alibeba magunia, akamshukuru, akaendesha bila kusimamia mlango wowote mpaka karibu na Embu. Wiki iliyofuata nilimtazama. Alikuwa amebadilisha kitu kimoja tu. Alizisema hodi zake polepole, nafasi kubwa katikati, hata Mama Karimi alipata muda wa kumenya chungwa. Lakini ya nne hakuongeza.

Sitaki isomeke kwamba alikuwa mpole wakati wote. Alikuwa mkali wa saa. Mama Karimi alichelewa mara moja pale stendi akamwacha, halafu huyo huyo Dereva akasimama Chuka kutazama mlango wa bohari la kahawa mpaka chai yetu ikapoa kwenye chupa. Aliogopa mbwa, hata watoto wa mbwa. Hakukopa wala hakukopesha, na akikununulia chapati alikumbusha. Na yeye aliyejua milango ya watu wote, mlango wa lori lake upande wetu haukufunguka kutoka ndani. Ulifungwa kwa waya. Tulikaa pale kama kuku mpaka ashuke, azunguke, afungue waya, na alifungua kwa heshima kana kwamba ni kitu alichotufanyia makusudi.

"Siku moja tutaungua humu," nilimwambia.

"Mkiungua nitabisha," alisema.

Ninamkumbuka akisema hivyo, ametulia, waya mkononi. Hakuwa mtu wa kucheka mwenyewe.

Sasa nitaeleza habari ya mwanawe, kwa maana bila hiyo nitakuwa nimewaonyesha upande mmoja tu.

Alikuwa na kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyehamia mji wa Maua. Alitengeneza madirisha, mageti, lakini zaidi milango, hii ya chuma ambayo sasa iko kila mahali. Alipofungua karakana yake alimwalika baba yake, na kwa kuwa siku hiyo tulikuwa tunapeleka ndengu Maua, mimi na Mama Karimi tulikuwepo. Kijana alikuwa ameweka mbele mlango wa kwanza alioutengeneza apendavyo mwenyewe. Ulikuwa na ua kubwa la chuma katikati, na miale kama ya jua kuelekea pembe zote, amelipaka ua rangi ya dhahabu. Wateja walikuwa wamesimama, wenye maduka, watu wa miraa, majirani.

Dereva aliuzunguka. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia.

"Huu si mlango," alisema. "Ni kifuniko cha mkebe."

Watu walicheka. Naamini alitaka kuchekesha tu, maana alikuwa na haya mbele ya watu na haya ilimfanya aseme ovyo. Lakini kijana alivua glavu zake, moja, halafu nyingine, akaziweka juu ya meza akaingia ndani. Hakutoka kutuaga. Idd ilipofika hakuja Majengo. Iliyofuata pia hakuja. Mkewe Dereva aliongea na mwanawe kwa simu akiwa uani, na Dereva akiingia alikata.

Ndani ya lori hakumtaja. Ila milango ya chuma ilipoongezeka barabarani, na iliongezeka kila mwezi, ya buluu, ya maruni, yenye maua na almasi na simba, alianza kuitazama nayo. Hakusimama. Alipunguza tu mwendo. Mama Karimi, ambaye hakujua kunyamaza, hapo alijua.

Halafu wiki moja, tukiwa na ndengu za kupeleka Maua, Dereva aliniambia tukishamaliza sokoni atapita mahali. Mama Karimi hakuja siku hiyo. Dereva alisimamisha lori kwenye kituo cha mafuta akanawa uso, akatoa kofia yake safi kwenye mfuko wa karatasi, akaivaa akijitazama kwenye kioo cha pembeni. Kisha aliendesha mpaka kwenye nyumba ndogo nyuma ya soko, akashuka. Mimi nilibaki, kwa kuwa upande wangu ulikuwa na waya.

Mlango wa nyumba ile ulikuwa ule wenye ua. Baada ya maneno yake hakuna mteja aliyeutaka, kwa hiyo kijana aliuweka kwake mwenyewe.

Dereva alisimama kando. Bega ukutani, uso kwenye fremu. Nilimsikia vizuri, kioo kilikuwa wazi. "Hodi." Alingoja sana. "Hodi hapa." Alingoja tena, na niliona mkono wake ukipita polepole pembeni mwa mlango, kidole gumba kikifuata mahali chuma kilipoungana na chuma. "Hodi." Nilihesabu naye. Nilikuwa ninaomba, kwa dini yangu.

Kisha aligeuka. Alipokuwa amefika katikati ya uwanja, pazia la dirisha lilisogea.

"Dereva," nilimwambia alipopanda, "pazia limesogea. Kuna mtu ndani."

"Nimebisha mara tatu."

"Nimekuona. Lakini kuna mtu. Rudi."

"Kama yuko, basi amesikia. Hataki. Ni haki yake."

Aliwasha lori. Tulipopita mashamba yote ya miraa na kuanza kuiona Meru kwa mbali, alisema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo, "Ameunganisha vizuri. Huwezi kuona alipounga."

Miaka ikaenda. Cucu wa Gachoka alifariki, na wanawe wakaweka mlango wa chuma. Ule wa muringa waliutumia kama meza ya kuanikia ndengu. Dereva alipouona umelazwa juani alivua kofia, akasema, "Angalau haujaondoka nyumbani." Hiyo ilikuwa moja ya safari zake za mwisho. Koo lilimshika. Kwanza tulidhani ni vumbi la Mbeere, halafu sauti ikaanza kupungua, wiki baada ya wiki, mpaka akawa anaongea kama mtu aliyejifunika blanketi. Hospitali walisema mambo ambayo mkewe hakunieleza yote, na sikumuuliza. Lori liliuzwa. Sisi tulipata dereva mwingine, kijana mzuri, asiyesimama popote.

Nilikwenda Majengo kumwona kila nilipoweza. Na nilikwenda Maua pia. Hakuna aliyenituma. Kijana alikuwa karakanani, miwani myeusi usoni, cheche zinaruka. Nilisimama pembeni mpaka alipozima.

"Baba yako ni mgonjwa," nilimwambia. "Sauti imekwisha."

Alifuta mikono kwa muda mrefu. Alikuwa anafanana naye kuliko nilivyokumbuka.

"Siku ile alipokuja," alisema, "nilikuwa ndani, Mama. Nimesimama hapa, yeye amesimama pale. Mlango tu katikati. Nilijua atabisha tatu. Nilikuwa nangoja ya nne."

"Yeye hana ya nne. Unamjua."

"Ndiyo maana nilikuwa nangoja."

Hakusema atakuja, na mimi sikumsihi. Nilirudi na jambo hilo likanilemea njia nzima, kwa sababu sikujua kama nimwambie mgonjwa au nimwache apumzike. Mwisho niliona si langu. Ni lake. Nilimwambia vile vile kama nilivyoambiwa, neno kwa neno, nikiwa nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake. Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaondoka.

Nilipokwenda tena, nyumba yake haikuwa na mlango.

Ule wa mbao, wenye nambari ya sensa, ulikuwa umeegemezwa ukutani pale uani, bawaba zake zikining'inia. Mahali pake palikuwa na pazia jepesi tu la maua, linapepea. Mkewe alinipokea huku ameshika kiuno.

"Mwangalie mwenzako," alisema. "Amemwita fundi aung'oe. Sasa paka wa Majengo nzima wanalala kwangu. Muulize wewe, mimi hanijibu."

Alikwenda nyuma kuangalia uji jikoni, nami nikakaa kwenye kigoda. Dereva alikuwa amelazwa akitazamana na mlango, au na mahali palipokuwa na mlango. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa. Nilimuuliza kwa nini amefanya hivyo. Ilinibidi niinamishe sikio.

"Sauti yangu haifiki pale," alisema. "Mtu atabisha. Mara tatu. Nitajibu, hatasikia. Ataondoka."

Alipumzika.

"Sikujua," alisema, "kwamba ndani ni mbali hivi."

Tulikaa. Paka mmoja aliingia chini ya pazia, akatutazama, akatoka. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita, na wachinjaji wa upande wa pili wa barabara walikuwa wanaosha meza zao, maji yakitiririka mtaroni. Ndipo nikaona kivuli kwenye pazia. Hakikuwa katikati. Kilikuwa kando, nusu ya bega tu, na kiwiko.

"Hodi."

Nilimtambua kwa kusimama kwake, kabla hata ya sauti. Nilifungua kinywa nijibu, maana kwetu mgeni yeyote aliye ndani anaweza kumkaribisha mwingine, lakini Dereva aliinua kidole. Alitaka kujibu mwenyewe. Ilikuwa nyumba yake. Midomo ilisogea, shingo ikakazika, na kilichotoka ni pumzi tu.

"Hodi hapa."

Alijaribu tena. Alishika ukingo wa kitanda akajiinua kidogo. Mimi niliyekaa karibu naye nilisikia neno lenyewe, "Karibu," lakini sidhani lilivuka hata miguu yake. Pazia lilipepea. Kivuli hakikusogea.

"Hodi."

Sasa alikuwa anatokwa na jasho. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliona kwamba anaogopa, si kwa namna alivyoogopa mbwa. Nje kiatu kiligeuka juu ya kokoto. Niliinuka. Nilikuwa nimeshaamua kwamba adabu ya nani na nani itaniwia radhi, nitapiga kelele kama Mama Karimi.

"Hodi, Baba," ilisema ile sauti. "Mimi bado niko hapa."

Hiyo ilikuwa ya nne.

Dereva alijiachia kwenye mto. Akasema "Pita," bila sauti kabisa, kwa midomo tu, na kijana akasogeza pazia akaingia, kana kwamba amesikia.

Hakumkimbilia. Alisimama pale pa kuingilia akapitisha kidole gumba kwenye fremu, mahali bawaba zilipong'olewa, matundu ya skrubu bado mapya. Kisha alikuja, akaushika mkono wa baba yake, akaubusu, akakaa chini sakafuni. Mkewe Dereva alitokea na bakuli la uji, akamwona, akageuka akarudi jikoni nalo, akakaa huko kwa muda.

"Mlango uko wapi?" aliuliza kijana.

Baba yake alionyesha uani kwa kidevu.

"Nitakutengenezea mwingine. Wa mbao, ukitaka. Ninajua mtu ana muringa."

Dereva alitikisa kichwa. Kijana aliinama mpaka sikio likagusa midomo ya baba yake. Mimi sikusikia. Niliona tu uso wa kijana ukibadilika, akacheka na kufuta macho kwa mkono uleule, na alipojiinua alinigeukia, kama anayetaka shahidi.

"Anasema nilete ule wenye ua."

Aliuleta. Aliung'oa nyumbani kwake Maua, akauleta juu ya lori la miraa linalorudi tupu, akaufunga yeye mwenyewe huku baba yake akimtazama kutoka kitandani. Ndio uliofunguliwa alipotolewa kwenda kuzikwa. Uko pale mpaka leo, na nikienda kumjulia hali mjane wake ninasimama kando, bega ukutani, ninaugonga. Unalia kama mkebe. Husikika mpaka kwa wachinjaji.